Tafuta ya Tatu

Mimi sifichi kitu: Rigobert Kalonji ni mwalimu wa hesabu hodari, na ana roho nzuri, lakini asubuhi ile aliponiita nione programu yake mpya nilitamani kumpiga kichwani kwa kaye, daftari langu la foni.

"Mama Amuri, kuja uone," akasema huku anajipangusa jasho. "Tafuta ya kwanza ilikuwa inamaliza dakika makumi ine. Hii njo Tafuta ya pili. Angalia saa yako."

Akaandika KASANDA, akabonyeza. Sikupata hata nafasi ya kuangalia saa. Kioo cha ordinatere, kompyuta ya parokia, kikajibu: HAKUNA.

"Hakuna," nikasoma. "Kwa hiyo zamani tulikuwa tunakosa kwa dakika arobaini, sasa tunakosa papo hapo. Hongera, Mwalimu."

Rigobert akanywea. Nyuma yetu, kwenye benchi, alikuwa amekaa Papa Édouard Kasanda, mashinisti, dereva wa treni aliyekwisha kustaafu, kofia magotini. Hakulalamika. Alisema tu, "Aksanti, watoto wangu, mumejaribu," akainuka. Mimi mwenye miaka hamsini na wajukuu wanne kuitwa mtoto na mzee yule kuliniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa asiyejua foni, nieleze. Ni redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Kindu yetu mwaka ule wa themanini na tisa, simu ilikuwa kitu cha gavana na wakubwa wa Chama. Sisi wengine tulikuwa na foni ya parokia. Mtu wa Kalima akitaka kusema na mtu wa Kongolo, anakwenda kwenye foni ya kwao, anasema maneno yake, mimi nayapokea hapa Kindu kisha nayarusha Kongolo. Wao kwa wao hawasikilizani, kila kitu kinapita masikioni mwangu. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa mtaa wa Kasuku hapahapa mjini. Padiri Jacques aliponiandika kazi mwaka wa sabini na sita hakuniuliza nasali wapi, aliniuliza kama naandika haraka.

Na haraka ilihitajika. Watu wa usalama walitaka kila neno linalopita hewani liandikwe kwenye kaye, neno kwa neno, ili waje wasome kama hakuna anayekisema Chama vibaya. Walisoma mwaka mmoja wakachoka wenyewe, maana yote yalikuwa habari za mihogo, mimba na baiskeli zilizokopwa zisirudi. Lakini amri haikufutwa, na mimi nikaendelea kuandika, kaye juu ya kaye, miaka kumi.

Halafu wakaingia mchwa. Kosa langu nalikiri: tarehe nilikuwa naiandika kwenye jalada tu, siku ninapofungua kaye mpya. Ndani niliandika Jumatatu, Jumanne, basi. Mchwa, wana akili gani sijui, wakala majalada na uzi wa mgongoni wakaacha kurasa. Tulipozitoa kabatini zilikuwa zimechanganyika kama majani ya sombe kwenye kapu, na huwezi kujua Jumanne hii ni ya mwaka gani.

Mabradha wa Ubelgiji walikuwa wametuletea ordinatere moja. Padiri akasema, Sharifa, chapa zile kurasa humo kabla wadudu hawajamaliza. Nilichapa miaka miwili, saa tatu hadi saa tano asubuhi, wakati jenereta inapowaka. Ujumbe elfu kumi na nne. Nilichapa kwa mpangilio wa jinsi nilivyoziokota, na vidole vyangu viwili hivi bado vinauma mvua ikikaribia.

Sasa ujumbe elfu kumi na nne bila tarehe ni takataka kama huna cha kutafutia. Ndipo Rigobert akaingia. Shuleni kwake hakukuwa na ordinatere, akamwomba Padiri aje kujifunza kwenye hii yetu, na kwa malipo akatutengenezea programu, akaiita Tafuta. Unaipa neno, nayo inasoma maandishi yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho kuliangalia. Watu walianza kuja: huyu anataka habari ya kuzaliwa mtoto wake, yule anataka neno la mwisho la baba yake. Wengi waliondoka wamepata. Nilimpenda Rigobert kwa hilo, ingawa sikumwambia, maana ukimsifu mwalimu wa hesabu anakueleza kazi yake mpaka jioni.

Papa Kasanda alikuja kwa jambo hili. Mwaka wa themanini na nne, mke wake, Adèle Kanku, alikwenda Kalima kumsaidia binti yao Clémentine aliyekuwa karibu kujifungua. Mzee mwenyewe alikuwa Kongolo na treni yake, lokomotivu imekufa, wiki tatu wanangoja kipuri. Kule Kalima mtoto alizaliwa salama, lakini bibi akashikwa na homa, ikamlaza, ikamuua. Mzee alipata habari siku ya tisa baada ya maziko. Alipofika, Clémentine alisimama mlangoni hakumpisha.

"Mama alikuita," akamwambia. "Aliniambia kwa kinywa chake, amekuita kwa foni. Alikuwa anaangalia mlango mpaka mwisho. Na wewe hukukuja."

Mzee akaapa hakupata ujumbe wowote. Clémentine hakuamini. Foni ya mapadiri inafika, kila mtu anajua inafika. Tangu siku ile miaka mitano, barua za baba yake zilirudi na gundi haijabanduliwa. Na sasa mume wake Clémentine amepewa kazi Likasi, lori la kuwachukua linaondoka Jumatatu, baada ya siku kumi hivi, na ukishaondoka Kalima kwenda Likasi umeondoka kwelikweli.

"Kama bibi yangu aliita, nataka kuona," mzee alituambia siku ya kwanza. "Na kama hakuita, nataka kuona vilevile. Nimechoka kutojua mimi ni muntu wa namna gani."

Tuliandika Kasanda, tuliandika Édouard, Adèle, Kanku, Papa Clémentine, Mama Clémentine. Akina Mama Clémentine walitoka saba, wote wa watu wengine, mmoja anauza nguruwe. Tafuta ya kwanza ilisoma dakika arobaini kwa kila jina, na jenereta ikizimika katikati inaanza upya. Tafuta ya pili, ile ya kujivunia, ilikuwa na kitu Rigobert alichokiita fahirisi: mashini inakaa mara moja, inaandika kila neno na pahali lilipo, kama mama wa soko anayejua kila muuzaji anakaa meza gani. Ukiuliza, haitembei tena soko zima. Nzuri. Lakini mzee aliondoka mikono mitupu.

Alipotoka nilimgeukia Rigobert. "Tafuta neno kuja."

"Kuja?"

"Kuja, ndiyo. Mke anamwita mume wake. Atasema nini kama si kuja?"

Akaandika. HAKUNA. Nikafikiri macho yangu yameharibika. Ujumbe elfu kumi na nne na hakuna hata mtu mmoja anayemwambia mwingine aje?

Rigobert akaanza kukuna shingo. Nikamjua. "Rigobert. Umefanya nini?"

"Mama Amuri, sikia kwanza. Kuna maneno yanarudi mara nyingi mno. Yanajaza mashini bure. Sasa kwa Tafuta ya pili nimeyaacha inje ya fahirisi. Njo maana iko mbio."

"Nipe orodha."

Akanipa karatasi. Na, ya, kwa, hayo sawa. Halafu nikasoma: kuja, mutoto, mama, homa, tumbo, kufa, salamu, kungoja. Nikaisoma tena kwa sauti ili asikie mwenyewe.

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka kwa Padiri, najua kwa sababu alifunga dirisha. "Umetupa mutoto? Umetupa homa? Foni yote ni watu kuitana, kuumwa na kungojana! Umebakiza nini sasa, kokoro na matofali?"

"Yanarudi mara elfu mbili, Mama! Ukiuliza kuja utapata kurasa elfu mbili, utasoma mpaka uzeeke!"

"Nimeshazeeka! Rudisha!"

"Mashini itajaa!"

"Haina nafasi? Na ule mchezo wako wa ndege zinazopigana risasi, unafikiri sijauona? Ule una nafasi?"

Alikuwa ameupata ule mchezo kwa taabu, kutoka kwa rafiki wa Bukavu, kwenye disketi nne, na saa tano kasoro robo kila siku alikuwa akiucheza anafikiri mimi niko kwenye redio. Akakaa, akaangalia kioo, kisha akaufuta. Maskini, nilimhurumia. Nikamletea chai na kipande cha muhogo wa kuchoma, na alipokuwa anatafuna nikamwambia shida yake si mbio na si nafasi.

"Wewe unatafuta jina," nikasema. "Watu wetu wakiwa na uchungu hawataji jina. Mimi mume wangu, Mungu amrehemu, sijamwita jina lake hata siku moja, ningeona haya. Lakini ukisikia mwanamke anamwambia mtu avae koti la kijani kwa ajili ya kifua chake, utajua ni mimi na ni yeye. Siyo koti, siyo kifua. Vyote viwili, karibukaribu."

Akaacha kutafuna. "Karibukaribu," akasema.

"Sijui mashini inaweza."

"Ngoja," akasema. "Ngoja, ngoja. Kama fahirisi inajua neno iko kurasa gani, inaweza kujua pia ni neno la ngapi. La kumi na tano, la kumi na nane. Halafu ninaiomba: nipe pahali haya mawili yamekaribiana, katikati yasipite maneno sita." Akainuka na muhogo mkononi. "Na hapo neno likirudi mara elfu mbili haina neno, Mama Amuri! Peke yake njo halina faida. Likiwa na mwenzake linafaa!"

Nikamwambia ameze kwanza.

Hiyo ndiyo Tafuta ya tatu. Aliiandika Jumamosi na Jumapili kwenye daftari la shule, kwa kalamu, bila mashini, akaingia Jumatatu saa tatu kuichapa na kuiwasha. Kusoma upya ujumbe wote na kuhesabu kila neno kulihitaji karibu saa nane, na jenereta inatupa mbili kwa siku. Jumatatu saa tano jenereta ikazimwa na kila kitu kikapotea, maana alisahau kuifundisha mashini kukumbuka ilipoishia. Nilimwangalia tu. Hakuhitaji maneno yangu. Jumanne alikuja nayo imefundishwa: kila baada ya kurasa mia inaandika pembeni, nimefika hapa. Nikaitandikia kitambaa chenye maji juu ya meza isipate joto, nikaipungia kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Jumatano hivyohivyo, Alhamisi hivyohivyo. Wateja wa foni waliuliza kama nina mgonjwa.

Ijumaa saa nne na nusu ikamaliza. Mzee alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Nikakaa karibu naye.

"Papa Kasanda," nikasema, "usinitajie jina la mtu yeyote. Niambie, bibi yako alikuwa anakukataza nini?"

Alicheka kidogo, mara ya kwanza namwona akicheka. "Kila kitu. Adèle alikuwa ananikataza kila kitu."

"Kitu ambacho mke wa mwingine asingekataza."

Akazungusha kofia yake. "Makayabu," akasema. "Ile samaki ya chumvi wanayouza kwenye stesheni. Ninaipenda sana. Lakini inanivimbisha tumbo, napita usiku nikilia kama mutoto. Kila safari, kabla sijapanda lokomotivu: usikule makayabu, tumbo yako naijua. Mbele ya wafanyakazi wote! Nilikuwa naona haya, Mama Amuri."

Rigobert alikwisha kuandika. Makayabu peke yake: mia mbili na kumi na mbili, wachuuzi watupu. Tumbo peke yake: zaidi ya mia tisa. Mawili pamoja, yasiachane zaidi ya maneno sita: jumbe tatu.

Wa kwanza ulikuwa wa mtu wa Lokandu aliyekula samaki mbovu. Wa pili ulikuwa wa mchuuzi anayeapa kwamba makayabu yake hayajamuumiza mtu tumbo. Wa tatu ukajaa kioo, Rigobert akausoma kwa sauti, na alipofika neno la tano sauti yake ikapungua.

"Kalima kwa Kongolo. Kwa Shambuyi, wa reli. Mimi ni Mwambuyi. Najua ulikataza hayo majina, leo nayaita, utanisamehe. Homa haitaki kuniachia. Usiku nawaona wale wawili, wamekuwa wakubwa, wanacheka. Kuja, Shambuyi. Kuja na mashua, kuja na miguu, lakini kuja. Njiani usikule makayabu, tumbo yako naijua. Ukikuta nimekwenda, usimukasirikie binti yetu, hajui kitu, sikumwambia. Umwambie wewe." Na chini yake: "Alhamisi. Kongolo wanasema Shambuyi wa reli wanayemjua si huyu. Hajulikani. S."

Mimi si mtu wa Kasai, hivyo Rigobert, Mkasai kama mzee, akanieleza polepole, na mzee alikuwa hapohapo anasikia. Kwao, watu wakizaa mapacha, jina la zamani linakaa pembeni. Baba anakuwa Shambuyi, mama anakuwa Mwambuyi, mpaka kufa kwao, hata kama mapacha hawakuishi. Siyo majina ya mtu mmoja. Kwenye reli yote akina Shambuyi wanaweza kuwa kumi.

"Walizaliwa mwaka wa hamsini na saba," mzee akasema. "Kananga, wakati ule inaitwa Luluabourg. Waliishi wiki sita, surua ikawachukua wote wawili siku moja. Kila muntu aliyenisalimia, Shambuyi, Shambuyi, ni kama ananirudisha makaburini. Nikasema, hilo jina lisiingie tena nyumbani kwangu. Nikaomba reli wanihamishe mbali. Njo vile tulifika Kindu. Adèle alinitii. Miaka makumi mbili na saba hakulitamka."

Mimi nilikuwa naangalia ile herufi. S. S ni mimi, nani mwingine? Mwanamke anakufa, anamwita mume wake kwa jina la ndani kabisa, na mimi nalichukua nalirusha Kongolo kama jina la mteja, Shambuyi, kama ningesema Amuri au Édouard. Kongolo wanamuuliza Shambuyi mmoja, anasema sina mke Kalima, basi. Sikuuliza Mkasai hata mmoja, na Kindu imejaa Wakasai, jirani yangu ni Mkasai! Nimeuandika ujumbe ule kwa mkono mara moja, nimeuchapa mara moja, na mara zote mbili sikuusikia.

"Ni mimi," nikamwambia. "Hiyo S ni mimi, Papa. Ni mimi niliyekuandika hujulikani." Nikaanza kulia, na mimi nikilia sifichi, Padiri akafungua dirisha tena.

Mzee aliweka mkono wake juu ya wangu. Mkono mzito, wenye makovu ya mvuke. "Ungenitafuta kwa jina gani, binti yangu?" akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimekataa kuitwa."

Hatukuwa na nafasi ya kulia zaidi, saa tano ilikuwa inakaribia. Nikashika redio nikaita Kalima. Nikamwambia mwendeshaji wa kule: kesho saa nne, mlete Clémentine, binti wa Kanku, kwenye foni. Akasema hatakuja, anafunga vyombo, na akisikia ni baba yake atakataa. Nikamwambia, mwambie ujumbe wa mama yake umepatikana. Mwambie hivyo tu.

Jumamosi watu wote wako kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, wanafyeka barabara, lakini foni haisimami. Papa Kasanda alikuja amevaa abakosti, suti yake ya sherehe, kana kwamba ataonekana. Nikamwonyesha pa kubonyeza na pa kuachia. Clémentine alikuwa amefika. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nasikiliza. Ujumbe wa Mama uko wapi?"

Mzee akausoma wote, kwa miwani ya kuazima kwa Rigobert, mpaka ule mstari wangu wa hajulikani. Hakuruka. Alipomaliza akaachia, na redio ikabaki inakoroma.

Halafu Clémentine: "Wawili gani, Papa? Mama anasema wale wawili. Ni wawili gani?"

Kwenye mtandao ule walikuwepo Kibombo, Kasongo, Punia, wote wananisikia kila siku na wote hawana adabu, wanaingilia maneno ya watu kama kuku. Siku ile hakuna hata mmoja aliyegusa kitufe chake.

"Una kaka wawili mbele yako," mzee akasema. "Wa kwanza aliitwa Mbuyi. Wa pili aliitwa Kabanga. Nilikataza wasitajwe. Mama yako alitaka kukuambia, mimi njo nilikataza. Aliniita, Clémentine. Wewe ulisema kweli. Aliniita, na mimi nilikuwa nimelifunga hilo jina, muntu yeyote asilijue, na neno lake halikunipata. Basi."

Rigobert alinishika kiwiko nikafikiri atanivunja.

"Rudilia majina," Clémentine akasema. Sauti haikuwa kavu tena.

"Mbuyi. Kabanga."

"Mbuyi," akasema. "Kabanga." Akayasema tena polepole, na tukamsikia analia, na kati ya kilio chake tukasikia mtoto anauliza kitu. Alikuwa amekuja na binti yake, yule aliyezaliwa wiki ile, mwenye miaka mitano sasa. Clémentine akamwambia jambo ambalo hatukulipata vizuri, kisha mtoto akasogezwa karibu, tukasikia pumzi yake.

"Sema," mama yake akamwambia. "Mwite. Sema kwa nguvu, ni mbali."

"Jambo, Shambuyi," mtoto akasema.

Mzee alibonyeza mara mbili kabla kidole chake hakijashika. "Jambo," akajibu. "Njo mimi."